Filamu ya Kumtafuta Futi

"Mama, namba ya simu haiwezi kukaa kwenye filamu," mwalimu wa warsha alisema, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

Mama Fundi alimdaka mkono. Alimshika kweli, kwa vidole vilivyokata vitambaa miaka thelathini. "Ukiifuta hiyo, mwanangu, umenifuta mimi."

Wanafunzi wenzake saba, ambao wote angeweza kuwazaa, waliinamia kompyuta zao wakajifanya hawasikii. Wao walikuja kwenye warsha ile ya siku sita kujifunza kutengeneza filamu fupi. Yeye alikuja kwa ajili ya mstari mmoja kwenye tangazo la mlangoni pa maktaba: filamu zitakazokamilika zitaonyeshwa katika miji saba. Miji saba! Alikuwa ameshabandika picha za mwanawe kwenye kila ukuta aliofikia kwa miguu, mvua zikabandua, akabandika tena. Leo anaambiwa sura hiyo itawekwa ukutani kubwa kama mlango wa gereji, mji baada ya mji, na watu watakaa kimya waitazame? Angejiandikisha hata kama ingekuwa warsha ya kurusha ndege.

Mwanawe ni Futi. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa tangu utotoni hakuonekana bila futi ya kupimia shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, mdomo haupumziki, anaiga sauti za wateja mpaka wenyewe wanashika mbavu. Miezi kumi na minne iliyopita aliunguza gauni la bibi harusi kwa pasi, saa tatu kabla ya ndoa. Mama Fundi, kwa aibu na hasira, alimpa za uso mbele ya bibi harusi na shangazi zake wote, akamalizia kwa maneno ambayo mpaka leo yanamnyima usingizi: "Toka! Nimezaa hasara mimi." Futi akavua futi yake, akaiweka juu ya cherehani, akatoka. Mama alidhani kaenda kupunga upepo. Jamani, nani hajawahi kusema upuuzi akiwa na hasira? Balaa ni pale unayemwambia anapouamini.

"Ni sheria ya msafara wa maonyesho," mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Filamu si tangazo. Wenye kumbi watatukatalia." Akafuta.

Ikabaki filamu ya dakika tano: cherehani, pasi, sauti ya Mama Fundi akisimulia siku ile, na sekunde arobaini za Futi zilizopatikana kwenye simu ya binamu yake, anacheza dukani akiwa amevaa gauni la mteja, anajipima kiuno na kubinua midomo. Picha nyingine ya Futi akitembea na kuongea haikuwepo duniani.

"Haya. Namba mmeifuta, mimi hamnifuti," Mama Fundi alisema. Akafunga duka, akapanda gari la msafara pamoja na projekta na viti vya plastiki.

Watu wa filamu wana desturi yao. Picha ikiisha, mwenye kazi anasimama mbele na watazamaji wanamwuliza maswali. Mama Fundi aliipenda desturi hiyo kabla hata hajaiona. Katika mji wa kwanza alisimama mbele ya ukumbi wa shule, saa tisa mchana, mapazia bado yamefungwa, akimsubiri mtu mmoja tu aseme nimemwona.

Wakamwuliza alitumia kamera gani.

Wakamwuliza kama ile pasi ni ishara ya jamii inayochoma ndoto za vijana. "Ni pasi," alijibu. Kijana mmoja mwenye miwani akausifu mwisho. "Hatujui kama anarudi. Ulikusudia kuuacha wazi?"

"Sikukusudia. Hajarudi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. "Namtafuta!" alipaza sauti. "Mmemwona au hamjamwona?" Wakazidisha makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Maana kijitabu cha ratiba, loo, kilikuwa kimeiweka filamu yake kwenye ukurasa wa hadithi za kubuni. Mratibu wa msafara, binti mwenye roho nzuri na haraka nyingi, aliomba radhi mpaka akalia. Vijitabu vyote vilikuwa vimeshachapwa. Basi Mama Fundi akavichukua akaandika kwa kalamu, kimoja kimoja: HUYU NI MWANANGU WA KWELI. Mji uliofuata watu walisema huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Mji wa tatu, hakuna. Wa nne, hakuna. Katika mji wa tano hakuweza hata kunywa chai.

"Mama, leo pumzika, nitajibu maswali mimi," mratibu alimwambia.

"Utajibu nini wewe? Umemzaa?"

Taa zilipowashwa, mtu mmoja aliyevaa ovaroli alinyanyua mkono kule nyuma. "Mimi sina swali. Nampongeza mwigizaji tu. Yule jamaa tunapakia naye magunia ghalani, na hakuwahi kutuambia anaigiza! Tena huku hata neno hatoi. Tunamwita Bubu."

Futi wake, aitwe Bubu?

"Mpigie," Mama Fundi alisema.

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi, baba, nakupigia magoti." Na kweli alikuwa ameshapiga.

Mpakiaji akapiga, akasema maneno mawili, akampelekea simu.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito zaidi, imechoka, lakini ni yake.

"Ni mimi, baba. Usikate. Nilikosea mbele za watu, na mbele za watu nasema. Wewe si hasara. Hasara ni mimi."

Futi akamkatiza: "Mama, itoe hiyo picha."

"Nini?"

"Itoe. Dereva mmoja aliiona mji wa pili, akaja kusimulia. Madereva wa malori wananiita bibi harusi. Nilikuja huku nisijulikane. Kama kweli unajuta, itoe, uniache."

Mratibu, aliyekuwa kando yake, alikuwa amesikia. "Tunaweza kuiondoa leo leo, mama," alinong'ona.

Neno moja tu, na pengine mwanawe angeamini kwamba anajuta. Halafu? Kesho angehama ghala, angebadili namba, na yeye angerudi kubandika karatasi kwenye mvua. Hakuwa na kamba nyingine ya kumshikia.

"Sitoi," alisema.

"Mama!"

"Sitoi! Nichukie, nitukane. Keshokutwa inaonyeshwa mji wa sita, kisha wa saba, na ikiisha nitawalilia waizungushe upya. Ukitaka itolewe, njoo uitoe mwenyewe mikononi mwangu."

Kwenye simu lori lilikuwa linarudi nyuma, na mtu anaita Bubu, Bubu, njoo tupakie.

"Mji wa sita ni ukumbi gani?" Futi aliuliza.

Anauliza ili aje, au ili apite mbali? Mama Fundi hakujua. Alimtajia ukumbi, akamtajia saa, akarudia mara ya pili, na alipotaka kurudia mara ya tatu simu ilikuwa imeshakatwa.