Beji ya Mamba Begani

Habari ya soko la Kosele ilimkuta Truphena akianika omena, dagaa wa ziwani, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Eti kuna kijana alikamatwa sokoni na wanajeshi kwa sababu ya beji ya jeshi kwenye koti lake, wakamgaragaza matopeni mbele ya wakwe zake. Aliyesimulia hakuona, aliambiwa. Na aliyemwambia naye aliambiwa. Lakini ukiwa na mtoto mwenye koti kama hilo, utangoja shahidi wa nini?

Oliver, kifungua mimba wake, muuza simu mjini Migori, alikuwa nalo. Koti la mtumba, kijani tupu, ila begani lilishonewa beji ya mamba na panga mbili. Hata Yakub aliyemuuzia alimwonya: "Ndugu yangu, nakuuzia koti, sikuuzii kazi. Fumua hiyo kitu." Oliver akacheka tu.

Sasa akatokea nalo kwao Sori, siku ya mazishi ya Nashon, jirani yao, mwanajeshi aliyefia kazini huko kaskazini.

"Vua," Truphena akamwambia langoni.

"Mathe, si ni kitambaa tu? Halafu kuna baridi."

"Baridi! Mabati yanalia kwa jua, wewe unasikia baridi?"

"Nimekuja kumpa Nashon heshima."

"Heshima gani ya kuvaa jasho la mtu?"

Oliver akajipenyeza kwa watu, akakaa mbele kabisa.

Kwao, maiti haiingii kaburini kabla mtu aliyekuwa na marehemu mwisho hajasimama kueleza ilivyokuwa. Hilo ndilo mama yake Nashon alikuwa akingojea. Siku tatu hakula. Alimuuliza kila mgeni swali moja: ulikuwa naye?

Askari walioleta jeneza ndio kwanza walikuwa wamefika, wako nyuma ya nyumba wakinywa chai. Bonface, mwenye kuongoza shughuli, akatazama picha ya marehemu juu ya jeneza: begani, mamba na panga mbili. Akatazama watu, akaona mamba huyohuyo.

"Huyu hapa mwenzake!" akasema kwa kipaza sauti. "Njoo, baba. Tuambie Nashon alituacha vipi."

Mama Nashon akainua kichwa, kitambaa kikateleza kichwani asikiokote.

Oliver angeweza kukataa. Kukataa ni neno moja. Lakini macho mia mbili yalikuwa yamemvika cheo tayari, na cheo ni kitamu. Akashika kipaza sauti.

"Nashon alikuwa... shujaa," akasema. "Siku ile tulikuwa..."

Truphena hakungoja mwisho wa "tulikuwa". Aliwaona askari wakitokea kando ya nyumba, vikombe mkononi. Akajua akisema ukweli, anamkabidhi mtoto wake. Akinyamaza, mama mwenzake atazika uongo na kuishi nao. Akapita katikati ya viti, akanyakua kipaza sauti.

"Huyu ni Oliver, mtoto wa tumbo langu. Anauza simu Migori. Bunduki hajashika hata ya mbao. Hakuwa na Nashon. Mama Nashon, nyamera, dada yangu, nisamehe."

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. Sajenti Maroa, Mkuria mrefu aliyeongoza askari hao, akamsogelea Oliver.

"Namba yako ya kazi?"

"Sina, afande."

"Hii umepewa na nani?"

"Nilinunua."

"Wenzetu wawili wamezikwa nayo mwaka huu. Wewe umenunua."

Alipomshika mkono, Truphena akasimama katikati yao. "Afande, mtampeleka nikishamaliza." Akaomba wembe kwa wapishi, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, mtoto wake akiwa ndani ya koti, watu wakitazama. Alijikata kidole, hakuacha. Akamkabidhi sajenti beji kwa mikono miwili.

Sajenti akaitia mfukoni. "Kwa ajili ya marehemu, leo nimeachia hapo. Siku nyingine ni kituoni, halafu kortini."

Mama Nashon akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakuna aliyekuwa naye?"

Sajenti akavua kofia, akapiga magoti mbele yake. "Mimi nilikuwa naye, mama. Nitakuambia yote."

Wewe mwenye mtoto, au mwenye koti, jiepushe na haya:

Usivae nguo ya madoadoa ya jeshi, wala usimvike hata mtoto mchanga. Sheria haikubali.

Usiache beji ya kikosi kwenye mtumba. Ifumue kabla hujauvaa.

Usishone jina la kikosi wala alama ya cheo.

Usivae kitu cha namna hiyo kwenye matanga, hasa ya askari.

Usipige saluti kwa mzaha.

Usikubali kuitwa afande kama wewe si afande. Sema hivyo, papo hapo.

Na usimjibu mama aliyefiwa jambo ambalo hukuliona.