Wekundu wa Vibati Kumi na Viwili

Katika shule ya misheni nilikosomeshwa, shaba iliyofifia ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Kila Jumamosi tulisugua vikombe vya kanisa kwa majivu na ndimu mpaka ving'ae. Miaka sitini imepita, nami desturi hiyo sijaiacha.

Jumamosi moja, nyumbani kwangu Butembo, nilikuta mezani vibati kumi na viwili vya shaba, vyote vimegeuka vyekundu. Nikavisugua.

Mjukuu wangu Hadassa aliporudi kutoka chuo kikuu alivitazama, akakaa chini.

"Koko, ile nyekundu iko wapi?"

"Uchafu nimeuondoa."

"Haikuwa buchafu! Ile ndiyo recherche yangu. Myezi saba, Koko!"

Ndipo nilipoelezwa utafiti wake. Wekundu ule, uliotokana na kuvichoma vibati kwenye makaa, ulikuwa oksidi ya shaba, maada inayopitisha umeme kwa kiasi tu na kutoa mkondo mdogo inapopigwa na jua. Alikuwa ameviacha juu ya paa, mvuani na juani, apime utando ule ungedumu muda gani. Siku hiyo aliviteremsha, kwa kuwa Jumatatu walimu wangevipima wenyewe kabla ya kumpa diploma.

Éliakim, mwanafunzi mwenzake kutoka Oicha aliyekuja naye, alicheka. "Donc, tuwashe makala, tuchome ingine kumi na mbili. Tutasema ni bile bya paa. Professeur mwenyewe haone hata kiatu yake!"

Hadassa hakucheka. Alinigeukia mimi, niliyewahi kumchapa kwa uongo wa yai moja.

"Koko, unasema nini?"

Nilipaswa kukataa papo hapo. Lakini hasara ilikuwa imetoka mikononi mwangu, na ule ujanja ungeifuta. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

"Sawa," alisema polepole. "Nimeelewa."

Jumatatu aliweka vibati vinavyong'aa mbele ya walimu. Wakamwamuru aanze upya, miezi saba mingine. Walipouliza ni nani aliyevisugua, hakunitaja.

Jumanne nilivaa koti langu la kanisani, nikaenda kwa profesa. Nilikiri mambo mawili: kwamba nilivisugua, na kwamba nilinyamaza. La kwanza aliliandika. La pili, alisema, halikuhusu ofisi yake.

Niliporudi, Hadassa alikuwa juu ya paa akifunga vibati vipya. Nilimshikia ngazi. Aliendelea kufunga, akinipa mgongo.