Vifuniko vya Bluu

Jumatano ya tarehe kumi na tisa Februari, saa tano na robo asubuhi, mtunza stoo alifungua ncha zote mbili za bomba kwa wakati mmoja. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufanya hivyo. Siku hiyo alifanya mara arobaini na mbili.

Utaratibu wa kazi ile ulikuwa hivi. Meli huchomeka bomba la plastiki chini ya bahari, likavutwa juu limejaa tope. Tope hukatwa vipande vya mita moja moja, kila kimoja na bomba lake, vikalazwa kwenye rafu za chumba cha baridi. Tope la juu ni la jana na juzi; la chini ni la enzi ambazo babu wa babu yako hajazaliwa. Ncha ya juu ina kifuniko chekundu, ya chini cheupe. Ukibadilisha vifuniko, unafungua ncha moja, unaifunga, ndipo unaigeukia ya pili. Ukifungua zote, tope halitakwambia lilikuwa limelalaje.

Sasa wakubwa wakasikia wageni wanakuja kukagua taasisi hiyo ya utafiti wa bahari. Wasomi kumi na kitu huko ghorofani, kila mmoja na kiti chake cha kuzunguka, na kibaya walichokiona katika jengo zima ni vifuniko. Vimepauka, wakasema. Viwe vya bluu vyote, vifanane na nembo ya mlangoni.

"Bosi, rangi zile zina kazi," mtunza stoo alisema.

"Andika JUU kwa kalamu, mzee. Tatizo liko wapi?"

Tatizo likapiga simu. Alikuwa shemeji wa mtunza stoo, yuko hospitalini. "Shemeji, njoo. Dada anakutaja, na sauti yenyewe inakatika."

Mkewe alikuwa na siku ya nne wodini. Ilikuwa imebaki rafu moja, rafu ya tisa. Mtunza stoo akapanda ngazi, kofia mkononi, akaomba ruhusa.

"Wageni wanaingia saa saba," bosi alisema bila kuinua macho. "Malizia hiyo rafu, halafu nenda ukakae hata wiki. Kule kuna madaktari. Hapa tuna wewe tu."

Akashuka mbio. Akang'oa vyekundu na vyeupe kwa mpigo, akavitupa ndooni, akapachika vya bluu, akaandika JUU, JUU, JUU. Mabomba kadhaa yalibiringika mezani. Akayarudisha kama alivyodhani yalikuwa. Alifika wodini saa nane na dakika kumi. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

Wageni walisifu usafi. Bosi alipigwa picha mbele ya rafu, meno yote nje. Mtunza stoo alipewa siku tatu za msiba, na ya kwanza wakaihesabu ileile Jumatano aliyofanya kazi.

Mwaka uliofuata alikuja binti kutoka nchi nyingine, mwanafunzi wa ule udaktari usiotibu mtu. Alikuwa na miezi minne ya kusoma tope la rafu ya tisa, basi. Kwao aliacha mtoto kwa mama yake. "Nilimwacha anatambaa, baba. Juzi naambiwa anapanda meza." Chuo chao kilikuwa kimemwekea nafasi ya ualimu, na asipomaliza mwaka huo, inakwenda kwa mwingine.

"Daktari, magoti yananiuma," mzee alimtania siku ya kwanza.

"Dawa yangu ni tope tu. Nikupake?"

Mzee hakuwa amecheka tangu msiba. Alicheka mpaka akajishangaa.

Mwezi wa tatu binti akamwita mezani, macho yanawaka. Wimbi kubwa likipiga, alimweleza, mchanga mzito hutangulia kushuka, laini hufuata. Lakini bomba namba kumi na saba lilikuwa kinyume: laini chini, mzito juu.

"Maana yake halikuwa wimbi, baba. Ni mlima mzima ulioporomoka chini ya maji. Hakuna aliyewahi kuuona huo. Profesa wangu ameisoma sura nzima ya kitabu changu cha udaktari mara mbili, anasema sasa nimeupata."

Mzee aliitazama ile JUU, mwandiko wake mwenyewe, umekwenda upande kama mlevi. Akasingizia choo, akapanda kwa bosi.

"Umemwambia?" bosi aliuliza.

"Bado."

"Basi usimwambie. Baada ya wiki nne ameshaondoka. Unataka ijulikane tulichezea sampuli?"

"Tulichezea?"

"Ulichezea. Ule mwandiko ni wa nani, wangu?"

Siku mbili alimkwepa binti. Ya tatu binti akamfuata stoo na karatasi. "Nimeandika ukurasa wa shukrani. Wewe uko wa kwanza, kabla ya profesa." Hapo mzee akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote, vifuniko, simu, mpaka lile shuka.

Binti alivua glavu polepole. "Ulimkuta?"

"Sikumkuta."

Binti akazitia glavu mfukoni. Kisha akauliza, "Mabomba mangapi, baba?"

"Nilifungua yote arobaini na mbili. Yaliyogeuka siyajui."

Akaifuta sura nzima. Wiki zilizobaki waliyatoa mabomba yote, wakatafuta mashimo ya minyoo na makombe ya chaza waliofia palepale walipoishi, dalili za kuonyesha juu ni wapi. Kumi na tisa yalijulikana, na matatu kati yake, la kumi na saba likiwemo, yalikuwa kichwa chini miguu juu. Ishirini na matatu yalikuwa tope la rangi moja ncha hadi ncha, kimya kama ukuta. Binti alirudi kwao na nusu kitabu. Alimuaga mzee vizuri, kwa heshima zote, ila baba hakumwita tena.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya profesa wake. Bosi aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Mtunza stoo ajibu," akaiteremsha. Mtunza stoo akaandika chini yake, "Ajibu aliyeagiza," akaipandisha. Barua imepanda na kushuka ngazi mara nne, karatasi imeanza kulegea kwenye mikunjo, na anayeisoma hadi mstari wa mwisho ni mzee peke yake, kidole chini ya kila neno: katika mabomba hayo ishirini na matatu, yapi yamegeuzwa, na kama hapo kwenu hakuna anayejua, mwanafunzi wangu amalizie masomo yake kwa tope lipi?