Harusi Katika Wodi ya Wanawake

Wakwe walipochagua ukumbi mpya wa Kamembe kwa harusi ya Ikirezi, Mukabera, mama wa bibi harusi, aliendelea kushona nguo za harusi. Ukumbi ule aliujua kabla haujapakwa rangi. Ulikuwa wodi ya wanawake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na yeye, alipougua baada ya kumzaa huyo huyo Ikirezi, aliletwa pale kutoka kijijini Gashonga mikono imefungwa kamba na kaka zake wenyewe.

Hospitali ilifungwa zamani. Wagonjwa walihamishiwa kwingine, mbuzi wakajifanyia zizi, kisha tajiri mmoja akanunua majengo, akang'oa nondo za madirisha na kutundika mapazia.

Asubuhi ya harusi kaka yake mkubwa, Vénuste, alimvuta kando.

"Leo usiseme kama unajua hii nyumba. Bakwe batafikiri na mutoto ni mugonjwa."

"Nimesikia, yaya," alimjibu kaka yake. Lakini kusikia si kukubali.

Sherehe ilinoga mpaka mshereheshaji aliposhika maikrofoni. "Mucheze kwa adabu! Hii ilikuwa nyumba ya wendawazimu. Benyewe bakirudi, batatufunga sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Vénuste alicheka kuwashinda wote, na kicheko chake ndicho kilichomwinua Mukabera kitini. Alikwenda moja kwa moja, akanyoosha mkono, akapewa maikrofoni.

"Mimi nililala humu," alisema. "Kitanda changu kilikuwa pale munaona keki. Nilikuwa nalia usiku na muchana, mutoto wangu simutaki. Mugonjwa mwenzangu, Joselyne, ndiye alikuwa ananiwekea mutoto kwenye ziwa. Kulikuwa balinzi ba kutupiga, sitaficha. Kulikuwa pia muuguzi Habineza. Alikata kamba zangu na makasi, akaniambia, 'Maman, hapa tutakuita kwa jina lako.' Batu balipona humu. Bengine balikufa humu. Mutucheke sisi kwa sababu gani?"

Shangazi wa bwana harusi alichukua mkoba wake akatoka. Vénuste aliinamia viatu vyake. Mzee Ntabaza, baba wa bwana harusi, akauliza kwa sauti kavu, "Na sasa ulipona?"

"Mzee, hilo koti ulivaa nililishona mimi. Liko na kosa?"

Mzee akajitazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia. "Hapana," akasema, na safari hii waliocheka hawakumcheka Mukabera.

Ikirezi alikuwa ameshamfikia mama yake, gauni kalikusanya mikononi, macho yamejaa machozi. "Maman, kumbe na mimi nililala humu?"

"Ulilala hapa kifuani."

Bibi harusi akawageukia wapiga muziki. "Mupige! Tunacheza na mama yangu."

Wakacheza palepale mbele ya keki, Mukabera kichwa juu, miguu ikikanyaga sakafu kwa nguvu. Vénuste hakuinuka kucheza nao. Mukabera hakumngoja.