Fuata na Futa

"Sema tena, Mama Pacha! Sema mbele ya watu hawa, mimi ni mwizi wa maji?"

"Sijasema wewe mwizi, dada. Nimesema nikifika ofisini nitaangalia."

"Utaangalia! Na hizi shuka zikae kwenye povu zikingoja macho yako?"

Bi Povu alilipiga teke beseni, maji machafu yakaruka hadi kwenye viatu vya kazini vya Mama Pacha. Huyu Bi Povu alikuwa dobi, mwanamke mpana mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, na mtaani hapakuwa na aliyejua kama jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake au ya mdomo wake. Alfajiri ile, chai haijachemka, mkata maji wa idara alikuwa ameingia uani kwake na spana, akafunga bomba kwenye mita, akatia kufuli. Alipoulizwa kulikoni, akasema kompyuta inaonyesha hapa hakuna mteja. Na kama hakuna mteja na maji yanatoka, ni maji ya wizi. Aliyasema hayo kwa sauti, na wapangaji, kama walivyo wapangaji popote, walikuwa wameshajaa mlangoni na miswaki mdomoni wasipitwe na neno.

Kwa nini hasira zote zimwangukie Mama Pacha? Kwa sababu ndiye karani wa malalamiko katika idara hiyohiyo ya maji, na ndiye jirani wa ukuta mmoja. Wiki iliyopita Bi Povu alimwambia mita inavuja, naye akamjibu, "Usijali dada, nitalifuatilia mwenyewe."

"Ulifuatilia nini?" Bi Povu aliinua shuka moja ikichuruzika povu. "Shuka za nyumba ya wageni hizi! Kesho asubuhi zinatakiwa kavu. Yule bwana wa huko ameshanionya, nikichelewa tena anapeleka kwa wenye mashine. Nikimkosa yeye, mimi nitafua nini? Ulimi?"

"Huo hata ukifuliwa hautakati," alidakia Cherehani, fundi nguo mwenye baraza la pembeni, huku akijifanya anatunga uzi.

"Wewe shona makwapa ya watu, unyamaze!"

Kuchota kwa Mama Pacha hakukuwezekana. Kwenye ukuta wa kila uchochoro palibandikwa tangazo la idara: MARUFUKU KUMPA JIRANI MAJI. WOTE WAWILI WATAKATIWA. Mama Pacha ndiye aliyelichapa, kwa herufi ambazo hata mlevi angezisoma akiwa amelala chali.

Alipokuwa anatoka, Cherehani alimshika mkono, akamtilia kitu kiganjani. Kilikuwa kioo chake cha kukuzia, cha mviringo, kishikizo chake kimefungwa uzi mwekundu. "Chukua, shemeji. Juzi nilikuona unasoma simu umeiweka puani. Mimi tundu la sindano naliona kama mlango."

Ofisi ilikuwa na skrini mpya. Zilikuja kwenye maboksi makubwa, nyembamba kama sinia, na Meneja aliwaita wote wapige makofi. Picha zake zilikuwa kali kuliko dirisha. Lakini programu ya wateja ilikuwa ileile ya zamani, na juu ya skrini hizo maandishi yake yalisinyaa yakawa kama mayai ya chawa kwenye nywele. Menyu ilikuwa inafunguka pembeni, uzi wa vijineno vilivyobanana, na mshale wa kipanya ukiwekwa juu ya neno unalifunika lote. Makarani walikuwa wanafanya kazi shingo mbele kama kobe. Jioni macho yanatoa machozi, kichwa kinagonga.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Alipokuza maandishi, kitufe cha kuhifadhi kilishuka kikapotelea chini ya skrini, hakikupatikana tena. Akasema basi tupunguze ukali wa picha, mambo yatakuwa sawa kama zamani. Meneja akakataa katakata. "Nimeletewa ukali, wewe unaniletea ukungu? Makao makuu wakija waone nini?"

Mama Pacha aliketi, akaandika namba ya mita ya Bi Povu. Jibu likaja: Hakuna mteja huyu. Akafungua orodha ya walioondolewa, akatoa kioo cha Cherehani, akakitembeza juu ya skrini taratibu kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Bi Povu alikuwepo. Aliyemwondoa alikuwa yeye mwenyewe, Mama Pacha, siku ileile aliyomwahidi.

Akafungua menyu, akasogeza kioo. Hapo ndipo alipoliona. Neno la kulifuatilia lalamiko lilikuwa Fuata. Chini yake, bila nafasi ya kupita hata uzi, palikuwa na Futa, la kumwondoa mteja. Herufi moja tu ya tofauti, na herufi yenyewe ndogo kuliko kinyesi cha nzi. Baada ya hapo kilikuwa kinatokea kisanduku kikiuliza, Una uhakika? Kila siku alikijibu Ndiyo, kwani nani hana uhakika wa kumfuatilia jirani yake? Akawaza, ni wangapi wengine aliowafuata hivyo?

Meneja alikuwa anapanga maua mezani. Skrini yake, kubwa kuliko zote, haikuwa na menyu wala neno. Ilikuwa na maporomoko ya maji yanayomwagika kwenye miamba, matone yanaonekana moja moja.

"Bosi, kuna mteja amefutwa kwa makosa. Kurejesha ni kwako tu. Ni kubofya mara moja."

"Nani alimfuta?"

"Mimi. Lakini maneno hayasomeki, bosi. Fuata na Futa yame..."

"Nikirejesha, makao makuu wanaona kwamba hapa tunakosea. Na leo wageni kutoka huko wako njiani! Aombe upya, kama mteja mpya."

"Wateja wapya wanangoja tangu mvua za mwaka jana."

"Si wamezoea? Angoje nao." Kisha macho yake yakashuka mkononi mwa Mama Pacha. Uso ukamkunjamana kama mtu aliyekanyaga uchafu. "Na hicho ni nini? Wageni wakute skrini za kisasa, na wewe umeshika kioo kama mganga anayetafuta mchawi? Kifiche!"

Wageni waliingia wakinukia manukato. Walizunguka skrini ya Meneja, mmoja akanyoosha kidole kwenye maporomoko, akasema, "Lo, mtu unaweza kulowa!" Wakacheka. Nje ya dirisha watu wenye ndoo tupu walikuwa wamejipanga kuleta malalamiko, na mlinzi alikuwa anawasogeza pembeni wasiharibu picha za kumbukumbu.

Yule mkubwa wao, mzee mwenye tumbo na sauti ya upole, alisimama kwenye meza ya Mama Pacha. "Enhe, mama. Mnazionaje hizi skrini mpya?"

Meneja alimkazia macho kutoka nyuma. Mama Pacha aliuona vizuri uso ule, pengine kitu pekee alichokiona vizuri siku hiyo. Akasimama.

"Hatuoni, mzee."

Yule mzee akapasuka kwa kicheko, akampiga Meneja begani. "Wafanyakazi wako wana utani!" Wote wakacheka, na Meneja akacheka kuwapita wote, hadi akafuta machozi. Hakuna aliyeinama kuitazama skrini. Walikwenda kunywa soda.

Walipoondoka, Meneja alipita mezani kwake bila kusimama. "Kuanzia Jumatatu uko stoo ya mabomba. Huko vitu ni vikubwa, utaviona."

Mama Pacha alirudi nyumbani jioni. Harufu ilimpokea uchochoroni kabla ya salamu, sabuni iliyochacha, kama dekio lililosahauliwa. Bi Povu alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, kimya. Bi Povu akiwa kimya, hata Cherehani husimamisha mashine.

"Dada," alisema Mama Pacha, "niliyekufuta ni mimi. Si mkata maji. Nilitaka kukufuata nikakufuta. Ni maneno mawili yamekaa pamoja, madogo, sikuyaona. Nimeomba urejeshwe, wamekataa."

Bi Povu aliinua uso. "Kwa hiyo mimi sipo?"

"Kwao hupo."

"Mwili wote huu!"

Cherehani alijaribu asicheke, ikamshinda. Mama Pacha hakucheka. Aliingia kwake, akatoka na mpira wa maji aliouvuta kutoka bombani kwake, akaurusha juu ya ukuta, palepale kwenye tangazo, ukaning'inia juu ya neno MARUFUKU. Akarudi kufungua koki. Mpira ukakohoa, ukatema kutu, kisha maji yakaja.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Bi Povu alisimama. "Watatukatia wote wawili! Na kazi yako je?"

"Kazi wameshaihamisha. Suuza shuka, dada. Kukikucha watakuja, lakini kukikucha zitakuwa kambani."

Walizisuuza pamoja, sketi zimefungwa kiunoni, Cherehani akikamua upande wa pili huku akilalamika kwamba hii si fani yake. Suuza ya kwanza ilitoa maji ya kijivu, mazito, yenye kunuka, na Mama Pacha aligeuza uso akatema mate. Ya pili ikapungua. Ya mwisho, Bi Povu alinusa shuka kutoka pindo hadi pindo kama anayenusa kichwa cha mtoto, akatikisa kichwa kukubali.

Mama Pacha alimrudishia Cherehani kioo chake, akaanza kukunja mpira. Pacha wake walikuwa kwa bibi yao, na jikoni kwake hapakuwa na moto.

"Unakwenda wapi?" Bi Povu alisimama mlangoni mikono kiunoni, mvuke wa sufuria nyuma yake. "Umenifuta, umenilowesha, sasa unataka kwenda kulala na njaa nipate na dhambi? Ingia ule. Na wewe Cherehani, acha kunusa kama paka, ingia. Huku kwangu vijiko ni vikubwa, kila mtu ataona anachochota."