Gari la Mwezi wa Sita

Foleni ya sukari ilikuwa imeshapinda kona ya kinyozi, na Luciana, mtu wa thelathini na nane kutoka mbele kwa hesabu yake, alikuwa anasogea hatua moja moja huku mikono ameifumbata ndani ya khanga. Baridi ya Sumbawanga haina adabu. Inamwingia hata mwenye sweta mbili, na yeye alikuwa na moja. Nusu kilo kwa kaya. Saa moja na nusu anatakiwa kazini ameshashika ufagio, na mwenye duka ndiyo kwanza anajipekua mifukoni akitafuta ufunguo.

Wala foleni haikuwa inazungumzia sukari. Ilikuwa inazungumzia msako. Wiki ya tatu sasa redio inawataja wahujumu uchumi asubuhi na jioni, na mjini kila aliyewahi kuuza kiberiti kwa bei ya kuruka alikuwa halali usingizi. Jana yake wanawake waliokwenda kufua walikuta mto una povu; kuna mtu alitupa katoni nzima nzima za sabuni asikutwe nazo. Miezi kumi watu wanaoga maji matupu, kumbe sabuni ilikuwepo.

"Mimi nimefua hata visivyo vichafu," alisema mama mmoja. Watu wakacheka, kisha wakageuka kuangalia nani amesikia.

Hapo ndipo Modesti alipofika anahema, baiskeli mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo dada. Ukitoka hapa usiende kazini moja kwa moja. Pitia kwa Tuntufye ulione."

"Marahaba. Nilione nini?"

"Gari, dada! Kamati ya mikopo inakaa leo saa nane. Ukishaweka sahihi tu, jioni nakurudisha nyumbani kwa gari!"

Foleni nzima ikageuka. Luciana alitamani ardhi immeze.

Modesti ndiye kitinda mimba wao, miaka ishirini na minne, karani katika bohari ya mbolea ambako dada yake alikuwa amefagia kwa miaka kumi na moja. Na gari lenyewe, jamani, halikuwa gari la kubebea hata gunia la mahindi. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, milango miwili, limelala chini kama bata aliyeatamia. Mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuja kupima barabara alilileta likiwa jipya, miaka kumi na mitano iliyopita, na alipoondoka alimwachia Tuntufye, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya akafungua duka pale mtaa wa Mazwi. Sasa Tuntufye alikuwa analiuza kwa elfu kumi na mbili. Bei ya kutupa. Chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi kingemlipa Tuntufye, na Modesti angekatwa mshahara miaka mitatu, mia tatu na hamsini kila mwezi, abaki na hela ya kula kwa kubahatisha.

Akishindwa, chama kitachukua akiba ya mdhamini. Mdhamini ni Luciana. Akiba yake ilikuwa elfu tano na kidogo, na ilikuwa na kazi yake: mabati ya nyumba ya mama yao kijijini, ambako masika mama analala anahamisha kitanda kukwepa matone. Miaka kumi na moja ya kufagia, yote iko humo.

Mtu atauliza, sasa alikubalije? Alikubali kwa sababu ya matuta. Mwaka aliofiwa na mume, Luciana hakuwa na ulezi wa kupikia pombe, na huku Ufipa ukiita watu kulima pasipo pombe utaimba peke yako shambani. Modesti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliacha shule muhula mzima, akakata majani, akayafukia, akamwinulia dada yake matuta ya shamba zima kwa jembe la mkono, kisha akarudia darasa bila kulalamika. Tangu siku ile Luciana hakuwahi kumwambia neno hapana.

Basi akapitia kwa Tuntufye. Duka lilikuwa wazi lakini rafu zote tupu, zimefutwa mpaka vumbi. Uani gari lilikuwa limeoshwa linang'aa, na mwenyewe Tuntufye, mtu mnene mwenye sauti laini, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu mama, karibu. Huyu kijana wako ana bahati. Nisingeliuza, ila mzee wangu anaumwa kule Mbeya, inabidi niondoke."

"Pole. Lini?"

"Leo leo, mama."

Modesti alikuwa ameshaingia, ameshika usukani, uso umemng'aa kama mtoto wa Komunio ya kwanza. Luciana alimpenda wakati ule mpaka roho ikamuuma.

"Mdogo wangu, hili ni zee. Na mafuta utapata wapi? Kibali chenyewe wanapewa wakubwa. Na Jumapili mchana magari yamekatazwa, ukikutwa barabarani unakamatwa."

"Dada, jipya litatoka wapi? Serikali inaleta magari ya nani, ya makarani? Nikingoja jipya nitazeeka na baiskeli. Lililopo ndilo hili."

Na hapo alisema kweli, kijana wa watu, hakuna wa kumbishia.

Fundi Asajile, naye mtu wa Mbeya, alikuwa anafuta mikono kwa kipande cha gunia. Alimvuta Luciana pembeni, karibu na pipa la maji.

"Dada, usiseme nimesema. Injini nzima. Lakini chini limechomelewa mara mbili, na vipuri vyake hata Dar es Salaam havipo. Mwaka jana peke yake nimelibadilishia springi mara tatu."

"Kwa watu wawili tu?"

"Kwa mizigo, dada."

"Mizigo gani?"

"Mimi ni fundi. Siulizi." Akarudi kwenye kazi yake.

Luciana hakuhitaji kuuliza tena. Mazwi nzima ilikuwa inajua. Mwaka jana, kuanzia mwezi wa sita, gari lile lilikuwa linatoka jioni limeng'olewa kiti cha abiria, linaelekea mpakani mwa Zambia, na kurudi asubuhi limejaa tope. Wiki hizo hizo ndipo sabuni ilipopotea madukani. Watu waliona wakanyamaza, maana wengine walikuwa wanakopa chumvi kwa huyo huyo Tuntufye.

Alifagia bohari siku ile bila kuona anachofagia. Moyo ulikuwa mzito, na hakujificha: aliogopa. Mara mbili alitaka kumwita mdogo wake faragha, na mara mbili akamkuta amezungukwa na makarani wenzake wanamtania, wanamwita Bwana Mashindano, naye anacheka.

Saa nane walikuwa ofisini kwa katibu wa chama cha mikopo, Fransisko, mtu aliyekuwa na mihuri minne mezani na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Fomu ilikuwa moja, imejazwa tayari kwa wino wa bluu.

"Mama Luciana, weka dole gumba hapa tumalize."

"Najua kusoma," alisema Luciana. Alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima, alikisotea jioni tatu kila wiki kwa miaka miwili, na hakuwa amekipata ili aweke dole gumba. Akaivuta fomu, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Fransisko akaangalia saa. Modesti akaangalia dirishani.

"'…mkopo wa kumalizia malipo ya gari… lililonunuliwa na mwombaji… tarehe kumi… mwezi wa sita… mwaka themanini na mbili.'" Akanyanyua kichwa. "Mwaka jana?"

"Ni utaratibu tu, mama," alisema Fransisko.

"Leo ni mwezi wa nne, mwaka themanini na tatu."

"Dada, Tuntufye ameshauri hivyo kwa faida yangu," Modesti alidakia. "Siku hizi mtu akinunua gari wanamuuliza hela katoa wapi. Likionekana nililinunua mwaka jana, kabla ya msako, nani ataniuliza?"

"Kwa faida yako! Modesti, wewe si mtoto. Mwezi wa sita gari hilo lilikuwa linalala wapi? Lilikuwa linabeba nini? Ukiandika lilikuwa lako, na mizigo ilikuwa yako!"

Fransisko akaweka kikombe chini taratibu sana.

"Mama, mambo ya mizigo sisi hatuyajui. Unasaini au husaini? Watu wengine wanasubiri hela hizi."

Luciana alimtazama mdogo wake. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kumnyima hakuweza. Alichukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi za kisomo, kubwa, zilizosimama wima. Halafu, kabla Fransisko hajanyoosha mkono, akaikata ile tarehe ya mwezi wa sita kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika tarehe ya siku ile.

"Unafanya nini wewe!" Fransisko aliruka. "Umeharibu fomu! Unajua fomu ngapi zimebaki? Hakuna! Karatasi hazijaja tangu Januari!"

"Andika kwenye daftari."

"Bila fomu hakuna mkopo! Tokeni! Tokeni wote wawili!"

Nje mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Luciana alivuta pumzi. Wallahi, alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua kuni. Mdogo wake atanuna mwezi, atanuna hata mwaka, lakini mabati yapo na yeye yupo.

"Utanisamehe siku moja," alisema.

Modesti alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umepauka rangi ya majivu.

"Dada. Kadi ya gari nilisaini jana."

"Kadi gani?"

"Kadi yenyewe. Ya umiliki. Tuntufye alisema tuitangulize, fedha zitafuata. Imeshapigwa muhuri. Mwezi wa sita."

Walikwenda karibu wanakimbia. Duka lilikuwa limefungwa kwa komeo na kufuli mbili. Majirani walikuwa wamesimama barazani kwao wakijifanya wanaangalia mvua; Asajile hakuonekana. Uani, kando ya gari, walikuwepo wanaume wawili waliovaa suti za Kaunda na mgambo mmoja mwenye bunduki. Mmoja alikuwa ameshika kadi, ameikinga kwa kofia isilowe.

"Modesti ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Gari hili lako?"

Modesti aliitazama kadi, akalitazama gari. Akisema ndiyo, amejitwika safari zote za mpakani. Akisema hapana, amesaini uongo juu ya muhuri wa serikali. Luciana aliliona hilo usoni mwake, akasogea mbele.

"Afande, limeuzwa jana. Mwenye gari ni mwenye duka hili. Mji mzima unajua! Waulizeni hawa!" Akawanyooshea mkono majirani. Barazani watu wakaanza kuingia ndani, mmoja mmoja, na mama yule wa foleni ya sukari akafunga dirisha.

"Mwenye duka ameshatupa maelezo yake asubuhi," alisema yule wa kadi, bila ukali wowote. "Ndiye aliyetuelekeza. Sisi tunasoma kilichoandikwa, mama. Haya kijana, funguo."

Mwenzake aliingia, akajaribu kuwasha. Gari likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena.

"Halina mafuta, afande."

"Na Landrova yetu?"

"Nayo haina."

Yule wa kadi akatazama barabara ya kwenda kituoni, ilivyopanda, matope matupu.

"Basi lisukumwe. Wewe, si ndiye mwenye gari? Sukuma."

Modesti alizunguka nyuma, akaweka mikono juu ya bati jekundu. Gari likasogea kidogo, likazama. Mgambo alikuwa na bunduki, hakuweza kusaidia. Afande wa pili alishika usukani. Luciana akavua malapa yake, akayaweka barazani kwa Tuntufye, akakaza khanga kiunoni.

"Mama, wewe huhusiki," alisema yule wa kadi. "Nenda nyumbani."

Luciana hakumtazama. Aliegemeza bega kando ya bega la mdogo wake.

"Moja, mbili," alimhesabia Modesti, na wakasukuma.