Mwizi wa Gigabaiti Ghorofa ya Tatu

Jumatatu ile, tarehe kumi na moja, nilikuwa jikoni nachambua mlukhia, mboga yetu ya mlenda, jani kwa jani, simu ya mume wangu ikalia mlio wa ujumbe. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Umm Wagdi, nyumba hii ina mwizi."

Nikamwambia mwizi atakayepanda ngazi zetu mpaka ghorofa ya tatu apewe maji kwanza. Hakucheka. Kampuni ya intaneti ilikuwa imemwarifu kwamba katika gigabaiti mia mbili na hamsini za mwezi mzima, zimebaki hamsini. Na nyumba yetu hapa Tanta, Misri, ina watu watatu tu: mimi, mume wangu Hajj Mitwalli, na mjukuu wetu Shahinda, binti wa binti yangu, anayesomea uuguzi na kulala kwetu siku za masomo.

Mitwalli alikagua tiketi za treni miaka thelathini na minne. Hapendi kitu kipite bila yeye kukiona. Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Wallahi, haiingii gigabaiti nyingine nyumba hii, ya ukutani wala ya simu, mpaka nimjue anayezila! Na nikimjua, hali tena kwenye meza hii!"

Mlukhia ukaniponyoka mkononi. Alhamisi ya wiki ile ile ilikuwa siku ya saba ya mtoto wa Wagdi, mwanangu, aliyeko Kanada mwaka wa sita sasa. Mtoto wa kwanza, msichana, na mama yake hana mama. Tulishakubaliana: wao watamlaza kwenye ungo huko, na mimi nitatwanga kinu cha shaba huku, mbele ya simu, nimwambie yale anayoambiwa kila mtoto wetu, amsikilize mama yake asimsikilize baba yake. Kinu chenyewe kilitwangwa juu ya kichwa cha Wagdi, na kabla yake juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeshakisugua kwa ndimu na majivu mpaka nikajiona meno ndani yake.

Na kiapo cha Mitwalli si cha mchezo. Aliwahi kuapa hali biringanya, na huu ni mwaka wa kumi na mbili hajala biringanya.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mwalimu Insaf, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Laini yake ilipokatika wakati wa Ramadhani tulimpa neno letu la siri, na hatukumwomba alirudishe. Mitwalli akalibadilisha kimyakimya. Baada ya dakika tano mlango ukagongwa.

"Hajj Mitwalli, mtandao wenu umenifukuza."

"Kuna wizi, mwalimu. Tunachunguza."

"Unachunguza mimi? Mimi niliyemfundisha mwanao kugawanya, alipokuwa akigawanya vidole vyake, nikuibie hewa?"

"Sikusema wewe."

"Hukusema. Umenifungia mlango usoni halafu hukusema!" Akageuka, ndara zake zikipiga sakafu kama makofi.

Jumanne asubuhi zilibaki thelathini na mbili. Insaf alikuwa hana neno la siri, na gigabaiti kumi na nane zimekwenda!

Basi zamu ikawa ya Shahinda. "Wewe na wale wasichana wanaopaka wanja," babu yake akamwambia. "Siku nzima macho ya watu!"

"Babu, hayo nayatazama chuoni, kwa mtandao wa chuo. Na wewe je, mechi zako za zamani? Jana nimekusikia unamfokea mwamuzi aliyekwisha kufa."

"Alikuwa dhalimu," akasema Mitwalli, sauti ikimshuka.

Nikawaamua. Simu zote tatu nikazitia kwenye kopo la biskuti ninamowekea nyuzi na vifungo, nikalifunga, nikalikalia nikiwa nashona. Mchana kutwa hakuna aliyegusa kitu. Shahinda alisoma kitabu cha karatasi. Mitwalli alitengeneza bawaba ya kabati ambayo nilikuwa nimemwomba tangu sikukuu.

Jumatano asubuhi zilibaki kumi na nne.

Mitwalli akakaa mbele ya kisanduku cha intaneti, akiikodolea macho taa yake ya kijani inayopepesa. "Anapita mbele yangu," akasema, "hata tiketi hana."

Nikaona kesho ndiyo hiyo na kinu changu kitabaki pambo. Nikapakua sahani ya kuku na mlukhia, nikaenda kwa Insaf. Alifungua mlango nusu.

"Mwizi hali chakula cha watu," akasema.

"Mwalimu, dada yangu, nivue aibu hii. Hesabu zimetushinda. Kesho ni siku ya saba ya mtoto wa Wagdi."

Alitazama kuku, akanitazama mimi, akavaa ushungi. Aliingia kwetu amekunja mikono kama mkaguzi wa shule. "Hesabu ya kutoa," akasema. "Zimeni kimoja kimoja, mtazame taa."

Simu zikazimwa. Taa ikapepesa. Kompyuta ya Shahinda ikazimwa. Taa ikapepesa. Mitwalli akachomoa hata jokofu, nami nikalirudisha.

"Na ile?" Insaf akauliza.

"Ipi?"

"Iliyo ukutani kwangu. Chumba cha Wagdi si kimegusana na cha kwangu? Tangu mwisho wa Ramadhani, wiki mbili sasa, nasikia sauti humo, toka alfajiri mpaka mnapolala."

"Ah, hiyo ni Kurani tu," nikasema.

Maana tangu Wagdi aondoke sikutaka chumba chake kikae ukiwa. Kila asubuhi nafungua usomaji, natandika kitanda kisicholaliwa, narudishia mlango. Nani anahesabu hiyo? Ni kama kuhesabu mwanga wa dirisha.

"Redio yako ya Kurani haili gigabaiti," Mitwalli akasema.

"Redio ilikufa," nikasema polepole. "Ilianza kukoroma. Shahinda akaniwekea kwenye ile televisheni kubwa ya Wagdi, iliyochomekwa kwa waya, isiyoulizwa neno la siri."

Shahinda akajishika kichwa. "Bibi! Nilikuwekea siku moja!"

"Nimeifunika!" nikasema. "Kwa kitambaa changu cha kufuma, kioo chote. Kwani kitu kikifunikwa kinaendelea kula?"

Tukaingia wote wanne. Insaf akainua kitambaa kwa vidole viwili. Msomaji alikuwa anasoma kwa utulivu, na kwenye kioo yalikuwa yanaporomoka maporomoko ya maji, safi, ungehesabu tone kwa tone, na kasuku wekundu wakiruka juu yake. Hayakuwa na mtazamaji, tangu Ramadhani.

"Mashaallah," Mitwalli akasema. "Pesa yangu yote imekwenda kwa kasuku." Tukangoja aya iishe, Shahinda akazima. Taa ya kisanduku ikatulia. Zilibaki sita.

Sita zinamtosha mtoto mmoja. Lakini kulikuwa na nusu ya pili ya kiapo. Mitwalli alinikwepa macho kutwa nzima, akaitengeneza ile redio kwa bisibisi, akairudisha chumbani kwa Wagdi.

Alhamisi baada ya Alasiri nilitandika mkeka sakafuni sebuleni, nikaweka sahani yangu hapo.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Mwizi hali kwenye meza yako."

Akasimama kidogo na sahani yake mkononi. Kisha akashuka, magoti yakilia, akaketi karibu nami. Shahinda naye akashuka, kwa sababu ndiye aliyebonyeza. Mezani akabaki Insaf peke yake, amenyooka kama waziri, maana ndiye tuliyemkosea.

Wagdi alipopiga simu, sura yake ikaganda kwa mshangao. "Mama, mbona mko chini?"

"Muulize baba yako."

"Mlete mtoto," Mitwalli akasema.

Wakamlaza kwenye ungo. Ana nyusi za Wagdi. Nikatwanga kinu mpaka vioo vya dirisha vikaitikia, mtoto akashtuka, akafumbua jicho moja.

"Msikilize mama yako!" nikamwambia. "Usimsikilize baba yako!"

"Na bibi yako," Mitwalli akapaza sauti kutoka mkekani, "usimpe neno la siri!"

"Nipitishieni chumvi," akasema Insaf kutoka juu.